Tangi la maji chumvi Mtwara: ni nini hivi vilivyoota kwenye mawe, na nani anagonga usiku?

FundiVioo wa Ligula

Wakuu, habari za humu. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu hapa Mtwara mjini. Kuna mteja aliagiza kioo cha duka, milimita 10, akaingia mitini. Kioo kikanikalia karakana mpaka nikakikata nikatengeneza tangi la samaki, lita 220. Silikoni nimetumia ile isiyo na dawa ya ukungu. Maji nachota Shangani wakati wa kujaa. Feri sichoti, pale kuna mafuta ya injini na maji ya kuoshea samaki.

Mawe sikuyavunja mwambani, niliseme hilo mapema. Kuna mzee wa Mikindani ameacha uvuvi wa dema (mtego wa samaki), na yale mawe aliyokuwa akizamishia madema yamelala ghubani miaka na miaka. Akaniambia kama una shida nayo chukua. Ni matumbawe ya zamani yaliyokufa, mepesi, matundu matupu. Niliyabeba kwenye ndoo pamoja na maji yake, juu nikafunika gunia bichi.

Sasa yale mawe yamekuja na wapangaji. Picha nimejaribu, simu yangu kupitia kioo inatoa ukungu tu. Basi nitaeleza kwa maneno, na vipimo ni vya rula ya chuma, si vya kukisia.

Jiwe kubwa, upande wa dirishani: vitu vya kahawia vinavyopitisha mwanga. Shina sentimita 2, juu yake mikono myembamba yenye ncha kali imezunguka mdomo. Ukikigusa na waya kinazama tunduni mara moja, unabaki unatazama jiwe tupu. Vilianza vichache, sasa nimeacha kuvihesabu, vingine vimehamia kwenye kioo cha nyuma.

Jiwe bapa: limevaa zulia la kijani kinachoelekea ukahawia. Kila kimoja ni kisahani cha milimita 8 mpaka 10, kina mkato katikati na vijinywele vifupi pembeni, vimebanana bega kwa bega na chini vimeungana. Taa ikizimwa vinafumba. Ukivigusa vina ute. Mke wangu anavipenda hivi kuliko hata samaki.

Kwenye pembe ya jiwe bapa kuna mirija migumu yenye rangi ya zambarau iliyopauka, imeganda, mdomo milimita 3. Nikitia chakula inatoa nyuzi zinaelea majini, halafu inazivuta ndani polepole na kilichonasa.

Usiku kwa tochi nimeona mdudu mrefu, rangi ya tofali la kuchoma, mbavuni ana vishungi vya nywele nyeupe. Sehemu iliyokuwa nje ya tundu tu ilikuwa sentimita 12. Iliyobaki ndani sijui.

Halafu mlio. Tak. Kimya. Tak. Mara ya kwanza niliruka kitandani nikijua kioo kimepasuka, maana fundi vioo akisikia hivyo usiku hana usingizi tena. Nikapitisha kidole kona zote, silikoni iko salama. Sauti inatoka ndani ya jiwe kubwa. Na kamba wadogo niliowatia hawaonekani, na konokono mmoja nimemkuta ganda tupu, limemeguliwa ukingoni.

Jirani kanishauri nichemshe mawe yote nianze upya. Jumamosi mke anakwenda Masasi kwenye arusi, sufuria lake la pilau litakuwa huru. Mnasemaje?

KucheleOriginal

Chemsha mkuu, kwenye kuchemka tia nazi na ndimu. Tupe mrejesho kabla shemeji hajarudi kutoka Masasi.

MwanaMwamba

Fundi, usichemshe. Acha kila kitu soma hili kwanza.

Lile zulia la jiwe bapa, kwa maelezo yako ya mkato katikati, vijinywele vifupi na kuungana chini, ni jamii ya Palythoa au ndugu zake Zoanthus. Ni wanyama, si mimea. Baadhi yao wana sumu iitwayo palitoksini. Watafiti wa Hawaii waliitenga mwaka 1971 kutoka kwa Palythoa, na ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazotoka baharini. Kila seli ya mwili ina pampu ya kutoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Sumu hii inaishika ile pampu na kuifanya tundu lililo wazi, chumvi zinapita ovyo, na misuli, pamoja na ya moyo, inaanza kuvurugika.

Moto wa jikoni usiutegemee kuiua. Ukichemsha jiwe lenye hao viumbe, matone madogo yanapanda na mvuke, unavuta wewe na wote waliomo ndani. Madaktari wa Marekani na Ulaya wameandika visa vya familia nzima kulazwa baada ya mtu mmoja kuchemsha mawe ya tangi au kuyamwagia maji ya moto: homa, kikohozi, kifua kubana, ladha ya chuma mdomoni. Si kila Palythoa ana sumu nyingi, ila kwa macho huwezi kumtenga mwenye nayo na asiye nayo, na rangi haikuambii kitu.

Kwa hiyo jiwe bapa: halichemshwi, halisuguliwi kwa brashi nje ya maji, halianikwi sebuleni. Ukilihamisha, vaa glavu na miwani, kwa sababu wakiminywa hurusha maji na yakiingia jichoni ni balaa. Mkono wenye kidonda usiingie kabisa, na najua mikono ya mafundi vioo haikosi mikato. Ukiyafuata hayo, waache hapo walipo. Hawashambulii samaki wako, wanakula mwanga na vipande vidogo vya chakula. Mama mwenye nyumba ana jicho zuri.

Sasa wa jiwe kubwa, wale wa kahawia wenye shina. Hao ni Aiptasia, wanyama wa jamii ya anemoni. Hapo ndipo penye kazi, maana wanachoma matumbawe hai na wanazaa bila mpango. Usiwakwangue wala usiwakate. Kipande cha mguu kikibaki kwenye jiwe kinakuwa mzima mpya, ndiyo maana wanaowakwangua huishia kuwa nao wengi zaidi. Mafundi wa matangi wengi huwaua kwa uji mzito wa chokaa, na chokaa kwetu si bidhaa ya kuagiza. Tafuta chokaa safi iliyozimwa isiyochanganywa rangi wala gundi, koroga na maji kidogo mpaka iwe nzito kiasi cha kupita kwenye sindano ya famasi. Zima pampu, msogelee taratibu bila kumgusa, mfunike mdomo na mikono yote. Subiri robo saa ndipo uwashe pampu. Jioni moja chukua wachache tu. Chokaa hupandisha ukali wa maji, ukiwamwagia wote kwa mkupuo utaua na samaki. Na ukiwa unakoroga linda macho.

Wengine hutumia maji ya moto kwa sindano. Wewe usitumie, una Palythoa kwenye tangi hilohilo.

Mirija ni konokono. Amejigandisha, hatembei, anavua kwa nyuzi za ute. Hana hatari kwako, ila akizidi ute wake huwasumbua majirani. Punguza chakula cha unga na atapungua mwenyewe, au ziba mdomo wa mrija kwa tone la supagluu. Mimi ningewaacha wawili watatu, wanapendeza kuwatazama wakivua.

Mdudu mwekundu mwache. Anakula mabaki na mizoga, ni mfagizi wa bure. Usimshike kwa mkono mtupu tu. Zile nywele nyeupe zinavunjikia kwenye ngozi na kuwasha siku kadhaa. Ikitokea, usisugue: bandika selotepu, bandua, rudia.

Mlio nauacha kidogo, nina swali. Ganda la konokono limevunjwaje hasa? Limetobolewa tundu ubavuni, limepondwa, au limemeguliwa kuanzia mdomoni kwenda ndani?

Bi Mwani, Lindi

Mwanangu fundi, mie kusoma hayo majina marefu siwezi, lakini hao wageni wako wote nimewakanyaga. Nafunga mwani kwenye kamba na bamvua likitoka naingia mwambani kuchokoa pweza, tangu msichana.

Huo mlio ni wa kawaida kabisa. Maji yakitoka, ukisimama mwambani pakiwa pametulia, mawe yote yanaalika chini ya miguu, huku tak, kule tak. Ni kamba mdogo, ana gando moja kubwa kuliko jingine. Hana ubaya. Anayekula konokono ni mwingine, msimsingizie.

Kumtoa hakuhitaji moto. Lichukue jiwe, hilo kubwa lisilokuwa na zulia, liweke juu ya waya wa kuchomea samaki, chini weka beseni lenye maji ya bahari. Mwagia maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya mvua, kwenye tundu moja moja. Maji baridi hawayapendi, watadondoka wenyewe. Usichelewe, jiwe lisikauke. Na kidole usitie tunduni hata kwa bahati mbaya. Humo huweza kuwamo mkunga mdogo, yule samaki kama nyoka, naye akiuma haachii.

Huyo mwekundu mwenye nywele tunamjua kwa uchungu. Ukiinua jiwe la kuegemezea kamba bila kutazama, jioni hushiki kijiko. Wenzangu hupaka mafuta ya taa, mie sijaona yanasaidia nini.

FundiVioo wa Ligula

Shikamoo mama, na nashukuru. MwanaMwamba, sufuria limerudi kabatini, na mama watoto nimemsomea maelezo yako kwa sauti. Sasa anajivuna nyumba nzima.

Ganda: limemeguliwa kuanzia mdomoni, vipande vidogo vidogo, linafuata mzunguko kwenda ndani. Ubavuni hakuna tundu. Vipande nimevikuta chini ya jiwe kubwa, vimekusanyika sehemu moja.

MwanaMwamba

Basi Bi Mwani amemaliza kesi, mimi naongezea ushahidi tu. Anayemegua ganda kutoka ukingoni ni kaa. Pweza angetoboa kitundu kidogo au angemvuta konokono nje na kuliacha ganda zima. Kamba wa aina nyingine, yule mwenye ngumi, ambaye naye hugonga na kwenye tangi ni janga, angelipasua ganda ubavuni kwa pigo. Kwa hiyo una wawili ndani ya jiwe moja: mmoja anapiga kelele na mwingine anafanya mauaji kimyakimya.

Wa kelele si kwamba anagonga jiwe. Gando lake kubwa likifumba kwa kasi linarusha mshindo wa maji, nyuma yake linaumbika povu moja, na kinachosikika ni lile povu kujifunga. Watafiti wa Uholanzi na Ujerumani walilionyesha hilo mwaka 2000 kwa kamera ya kasi. Kabla ya hapo watu walidhani ni gando kugongana. Kioo chako cha milimita 10 hakimtambui, lala.

Maji baridi kwenye waya ni njia sahihi. Kagua tu jiwe kubwa lote kwanza, mpaka chini, lisije likawa na hata kisahani kimoja cha zulia kilichohamia.

Jambo jingine: maji yakipungua unaongezea nini?

Ruvula_Line

Mnaosoma huku mkitamani mawe, yule mzee wa dema ni mmoja na mawe yake yameisha. Msije mkavuka kwenda kuokota Msimbati. Huku kwetu Ruvula mpaka mdomo wa Ruvuma ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu mwaka 2000. Tumbawe halivunjwi, na jiwe "lililokufa" usilichukue ukadhani hakuna mwenyewe. Miamba hii imekula baruti ya kutosha. Anayetaka jiwe la tangi afinyange la saruji na mchanga mkubwa, aliloweke maji baridi wiki kadhaa akibadilisha mpaka makali ya saruji yaishe, halafu aliweke karibu na jiwe la mwenzake. Wapangaji watahamia wenyewe.

FundiVioo wa Ligula

Kweli kabisa, na hilo la saruji nimelipenda, mchanga ninao.

Kuongezea: maji ya Shangani hayohayo, ndoo kila yakishuka.

MwanaMwamba

Hapo badilisha. Kinachoruka hewani ni maji, chumvi inabaki. Bahari ina karibu gramu 35 za chumvi kwa lita. Ukiongezea maji ya bahari juu ya yaliyopungua unapanda kidogo kidogo, na joto hili la kaskazi linakausha haraka. Kufidia kilichokauka tumia maji baridi ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, si ya bati lenye kutu. Ya Shangani yatumie siku ya kubadilisha sehemu ya maji, ukitoa ndoo unaingiza ndoo. Masika mvua ikinyesha kubwa usichote siku hiyo wala kesho yake, maji ya juu ghubani huwa yamepungua chumvi na yamebeba tope.

FundiVioo wa Ligula

Mrejesho kama alivyodai KucheleOriginal.

Jiwe kubwa nimelikagua, halina zulia. Waya wa kuchomea, beseni, jagi la maji ya mvua. Tundu la kwanza hakuna. La pili akatoka kitu chenye mikono mitano myembamba inayonyongorota, kidonge katikati milimita 9, nikakirudisha tangini maana kilionekana mtu wa amani. La tatu akadondoka kamba, milimita 26, gando la kulia karibu nusu ya mwili wake. Kule beseni akapiga tak moja hivi mtoto akakimbia.

Tundu kubwa la chini nilimwagia jagi zima. Kimya. Nikalisubiri. Baadaye ikatoka miguu yenye manyoya, kisha kaa mzima, mgongo milimita 31, kahawia, ncha za magando nyeusi. Alishika ukingo wa beseni akanitazama. Kamba wangu wawili nadhani nimejua walipo.

Kaa nimempeleka Mikindani jioni ileile nikamwachia palepale mawe yalipotoka, si kwa huruma, mama watoto alikataa kulala nyumba moja naye. Kamba wa kelele nimemrudisha. Anagonga sasa hivi ninapoandika.

Chokaa: nimeanza na wale wa kioo cha nyuma ili nijue mkono wangu. Wa kwanza nilipomsogezea sindano aliwahi kujifunga, chokaa ikamwagika pembeni. Wa pili nilikwenda kwa upole, nikamfunika mzima. Asubuhi palikuwa na doa jeupe tu. Kwa sisi tuliozoea kupiga silikoni kwenye kona, kazi hii si ngeni: unaminya kidogo, mkono hautikisiki, unaondoka. Kila jioni nachukua wanne au watano.

La mwisho, wakuu. Nilipoligeuza jiwe nimekuta vitu viwili chini. Kimoja ni vijifuko vyeupe, milimita 6, juu vina kishungi cha nywele zinazong'aa, vimening'inia kwenye kivuli. Kingine ni vipovu vya kijani kibichi, vigumu, vinang'aa kama shanga za kioo, kikubwa ni milimita 14. Kidole kilikuwa kinanisihi nikipasue.

MwanaMwamba

Usikipasue. Vijifuko vyeupe vyenye kishungi ni sifongo wadogo wa jamii ya Sycon. Wanachuja maji, hawana neno, mara nyingi huja wengi halafu hutoweka wenyewe.

Kipovu cha kijani ni mwani, Valonia. Kila kipovu, hata hicho cha milimita 14, ni seli moja. Kikipasukia tangini kinaweza kumwaga mbegu za vipovu vingine. Litoe jiwe, liweke kwenye beseni la maji ya tangi, shika kipovu chini kabisa kinapogusana na jiwe, zungusha taratibu kitoke kizima na kikonyo chake. Kikipasukia humo beseni si neno. Suuza jiwe kwa maji ya tangi, mwaga ya beseni, rudisha.

Yule wa mikono mitano uliyemrudisha umefanya vizuri, hutembea usiku akila mabaki.

Bi Mwani, Lindi

Marahaba mwanangu. Jiwe ukilirudisha, upande uliokuwa chini ukae chini. Hao weupe wanataka kivuli, ukiligeuza wanakufa na maji yananuka.

KucheleOriginal

Kwa hiyo sufuria tunaweza kuliazima? Arusi ya Masasi si imeisha.